Vidonda vya utumbo mpana na kazi ya ofisini: tuzungumze bila kuoneana haya

#1 Kivuli cha Mbuyu (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya kwa muda mrefu, na leo nimeamua kufungua uzi kuhusu jambo ambalo kwa miaka sita nimelizungumza na watu wasiozidi watano, wawili kati yao wakiwa madaktari. Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi ya kusambaza vifaa vya ujenzi, ofisi zetu zipo Kizota hapa Dodoma, na nina ugonjwa wa kudumu wa utumbo mpana ambao madaktari huuita kolaitisi ya vidonda. Naomba mapema tusiuchanganye na vidonda vya tumbo, maana kila niliyemgusia alinishauri niache pilipili na ninywe maziwa. Vidonda vya tumbo hukaa juu, kwenye mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba. Huu wangu umekaa chini, kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana, ukianzia karibu kabisa na njia ya haja kubwa na kupanda juu kadiri unavyoenea. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia utumbo wenyewe. Hauambukizwi kwa kushikana mikono wala kwa kutumia choo kimoja, na hauishi kwa dozi moja. Hutulia kwa miezi kadhaa ukajiona mzima, kisha huamka.

Ukiamka, haja haipigi hodi. Unapewa dakika mbili, pengine moja, na mara nyingi ukishafika msalani hakitoki kitu zaidi ya damu kidogo na kamasi, halafu baada ya robo saa unaitwa tena.

Sasa tieni picha ya ofisi yetu. Choo cha wafanyakazi kina ufunguo mmoja, umefungwa kwa waya kwenye kipande cha mbao chenye urefu wa kiganja, kimeandikwa MSALANI kwa kalamu ya wino mzito, na kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya kiti cha dada wa mapokezi. Ili ukipate ni lazima upite mbele ya meza tatu, uinamie bega lake, uchukue, kisha urudi nacho njia ileile huku wateja waliokaa kwenye benchi wakikutazama. Siku moja nilihesabu safari kumi na moja kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Mwenzangu wa meza ya jirani alisema kwa sauti kwamba kibao kile sasa kiandikwe jina langu, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Wiki hiyo nilianza kuacha kula mchana, jambo ambalo halikusaidia chochote, kwa sababu utumbo ulioamka hautegemei kama umekula au hukula.

Ugonjwa wenyewe ulichelewa kujulikana. Nilitibiwa amiba mara nne, nikatibiwa taifodi, nikaambiwa ni bawasiri nikapewa dawa ya kupaka, hadi nilipofanyiwa kipimo cha kamera, ile inayoingizwa kwa chini, ndipo daktari akaona vidonda na kukata vipande vidogo vya kupeleka maabara. Katika muda huo wote nilikuwa nimepungua sana, na nilijua fika ofisini wanasema nini, kwa kuwa katika mji wetu mtu akikonda na kuharisha kuna jina moja tu linalotajwa kwa kunong'ona. Baadaye nilipoanzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, uso ukanivimba kama andazi, na watu walewale wakanipongeza kwamba nimenawiri.

Ila lililonichosha zaidi ya ugonjwa ni uongo. Nilikuwa nasema nina malaria, mwezi unaofuata nasema taifodi, na niliporudia mno maradhi nikahamia kwenye misiba. Shangazi yangu wa Mpwapwa nimemzika mara mbili, naye yu hai na analima karanga mpaka leo. Mtu mwenye uongo wa namna hiyo hutembea na daftari kichwani la nani aliambiwa nini, na siku daftari linapogongana ndipo anapoonekana mtoro, mlevi au mwizi wa muda.

Lilinigongana mwisho wa mwezi mmoja, kwenye kikao cha kufunga hesabu. Meneja alifunga mlango, akasema hakuna kutoka mpaka takwimu za ghala zilingane. Baada ya saa moja na nusu nilinyoosha mkono, akasema, «Subiri tumalize ukurasa huu.» Sitaeleza zaidi ya kwamba ukurasa haukuisha kwa wakati. Nilifunga sweta kiunoni, nikatoka bila kuaga, nikapanda bajaji hadi nyumbani Chang'ombe nikiwa nimekaa upande mmoja wa kiti, na sikurudi kazini kwa siku nne wala sikupokea simu. Siku ya tano nilikuta barua mezani ya kunitaka nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu.

Barua hiyo ndiyo iliyonilazimisha kusema kweli. Niliandika ukurasa mmoja: jina la ugonjwa, kwamba ni wa kudumu na hauambukizi, kwamba ninatumia dawa na kuhudhuria kliniki, na kwamba ninachohitaji ni kufika msalani bila kuomba ruhusa. Nikaambatanisha nakala ya ripoti ya kamera. Meneja aliisoma mbele yangu, akanyamaza kwa muda, akauliza ni kwa nini sikusema tangu mwanzo, kisha akatoa shilingi elfu tatu mfukoni na kuniagiza nikachonge ufunguo wangu mwenyewe. Kibao kile sikukishika tena, na kiti changu cha vikao sasa ni kile kilicho karibu na mlango.

Ninachosema, na nipo tayari kupingwa, ni kwamba mgonjwa wa aina yetu hana siri ya kutunza, kwa maana safari za msalani zinaonekana na kila mtu. Alicho nacho ni uhuru wa kuchagua kama maelezo yatatoka kwake au yatatungwa na wengine. Amwambie mtu mmoja, mwenye mamlaka, kwa maneno machache na kwa karatasi. Wenzangu mnaoishi na hali hii, au na ile ya Crohn inayoweza kushika popote kuanzia kinywani hadi chini, mnafanyaje makazini kwenu?

#2 Mtu wa Nkuhungu

Mkuu, nakushukuru kwa ujasiri, lakini naomba nikupinge kama ulivyotukaribisha. Wewe ulikutana na meneja mwenye utu. Mimi nilikuwa karani wa ghala kwa mkataba wa mwaka mmoja, nikamweleza msimamizi wangu kwa maneno machache kama unavyoshauri, na kabla ya Ijumaa vijana wa kupakia mizigo walikuwa wananiita Bwana Bomba. Mkataba ulipoisha haukuhuishwa. Hakuna aliyetamka kwamba sababu ni tumbo, na ndiyo maana sina pa kulalamika. Kwa hiyo kabla hatujawashauri watu waseme, tuwaulize kwanza wanamwambia nani na ajira yao imesimama juu ya nini. Mwenzangu mwenye ajira ya kudumu na kibarua wa siku hawawezi kupewa ushauri mmoja.

Nina swali pia. Kabla ya kikao au safari huwa nameza loperamaidi mbili ili tumbo lifunge. Je, wengine mnafanya hivyo?

#3 Nesi wa Zamu

Ndugu yangu wa Nkuhungu, nakuomba usimame hapo kwanza. Loperamaidi hupunguza mwendo wa utumbo, na kwa mtu ambaye utumbo wake mpana umewaka na anatoa damu inaweza kuchangia utumbo kutanuka na kupooza, hali ambayo ni ya dharura na inaweza kuishia kwenye upasuaji. Wapo wagonjwa ambao daktari huwaruhusu kuitumia ugonjwa ukiwa umetulia, lakini hilo liamuliwe na anayekuona kliniki. Vilevile angalieni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu humeza kwa mgongo au kichwa bila kufikiri, zinaweza kuuamsha ugonjwa. Kwa maumivu madogo parasetamoli ni salama zaidi kwenu.

Mleta uzi amezitaja dozi nne za amiba kwa uchungu, na namwelewa, ila nitawatetea kidogo wenzangu. Huku kwetu damu kwenye choo kwa kawaida husababishwa na vijidudu kabla ya jambo lingine, na amiba, kichocho na kifua kikuu cha utumbo vyote vinaweza kufanana na ugonjwa huu. Dawa za kutuliza kinga, kama prednisoloni na azathioprini, akipewa mtu mwenye amiba au kifua kikuu ambacho hakijagundulika, zinaweza kumuumiza vibaya. Kosa halikuwa kuanza na amiba; kosa ni kurudia dawa ileile mara ya nne bila kuuliza kwa nini haijafanya kazi.

Na mnaotumia prednisoloni, msiikatishe ghafla kwa sababu uso umevimba au usingizi umepotea. Mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, kwa hiyo dozi hushushwa kidogo kidogo kwa ratiba. Mesalazini, dawa ya kutuliza ukuta wa utumbo, nayo imezwe nzima bila kusagwa, kwani ganda lake limetengenezwa lifunguke chini kabisa, na iendelee kumezwa hata mkijisikia wazima, maana wengi wanaorudi kwetu ni wale walioacha dawa baada ya kupata nafuu.

Mwisho kwa leo, kwa kuwa zamu inaanza: ukipata haja zenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa, au moyo unaodunda kupita mara 90 kwa dakika ukiwa umekaa, usiende kazini na usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

#4 Afisa Utumishi Mstaafu

Wanangu, nimefanya kazi ya utumishi katika makampuni binafsi kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimeona wafanyakazi wazuri wakiondoka kwa sababu ya karatasi ambayo hawakuileta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata hulipwa nusu. Sharti lake ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Usipokileta, mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo. Walioajiriwa serikalini wana sheria na kanuni zao za kudumu, kwa hiyo wenzetu wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, wasishike hesabu hii kama ilivyo.

Kijana wangu Kivuli, siku nne ulizokaa nyumbani zingekuwa halali kabisa kama ungepita hospitali ukapewa ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazini. Ugonjwa wa kuamka na kutulia hula siku moja hapa, mbili pale, na mtu huona haya kufuata ED ya siku moja, akaomba udhuru kwa simu. Siku hizo zikijumlishwa mwisho wa mwaka huonekana kama utoro. Kusanya ED zako zote kwenye faili moja nyumbani, hata zile ambazo nakala zake zipo ofisini, kwa sababu faili la ofisini unaweza usilipate siku unayolihitaji.

Kuhusu kuachishwa kazi kwa sababu ya afya, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri achunguze kwanza ugonjwa ni wa kiwango gani na utachukua muda gani, atazame kama kazi inaweza kurekebishwa au kubadilishwa, na amsikilize mfanyakazi kabla ya kufikia uamuzi. Asipofanya hivyo, mlalamikaji anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku thelathini ni chache, na wengi huzimaliza wakiomba radhi kwa bosi.

Mtu wa Nkuhungu, lako ni gumu zaidi, na sitakudanganya. Mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho wake kwa kawaida umekwisha, isipokuwa uweze kuonyesha kwamba mwajiri alikupa sababu za msingi za kutarajia utahuishwa, kwa mfano umeshahuishwa mara kadhaa kabla au uliahidiwa kwa maandishi. Hata hivyo kuna jambo moja ulilokosea. Ulimwambia msimamizi wa ghala, kwa mdomo. Yeye hana wajibu wa kutunza faili lako, na neno la mdomo halina mwenyewe. Ungempelekea afisa wa rasilimali watu barua iliyofungwa, yenye neno SIRI juu ya bahasha, ukabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, vijana wa kupakia wangejuaje?

#5 Mtu wa Nkuhungu

Mzee wangu, shikamoo. Kwenye ghala letu hapakuwa na afisa wa rasilimali watu. Alikuwepo msimamizi na mwenye mali, basi. Lakini suala la barua nimelielewa. Na loperamaidi nimeziweka kando, Nesi, mpaka nitakaporudi kliniki.

#6 Mwalimu wa Kongwa

Nimeusoma uzi huu mara mbili. Mimi hali yangu imeelezwa kuwa ni utumbo wenye hisia kali: vipimo vyote havionyeshi kidonda wala damu, hata kamera ilikuta utumbo safi, lakini tumbo hubana na kuendesha hasa asubuhi na ninapokuwa na wasiwasi. Madaktari wawili waliniambia hauharibu utumbo kama ugonjwa wa mleta uzi, na nashukuru, ila darasani tofauti hiyo haionekani. Nina watoto zaidi ya themanini kwenye chumba kimoja, vyoo vya walimu vipo upande wa pili wa uwanja, na nikitoka katikati ya kipindi kelele zinamleta mwalimu mkuu kabla sijafika uwanjani.

Nilichobuni ni hiki. Vipindi vyangu vya asubuhi vinaanza na zoezi la kuandika ambalo tayari lipo ubaoni, na kiranja anajua kwamba nikiweka chaki juu ya daftari la mahudhurio maana yake yeye anasimama mbele. Watoto wanadhani ni utaratibu wa darasa. Mwalimu mkuu bado sijamwambia, na mleta uzi amenifanya nilifikirie upya.

Naomba mnieleze kuhusu chakula na safari. Semina za walimu hutupeleka Dodoma mjini na mara moja moja Singida, na siku moja kabla huwa sili kitu.

#7 Kivuli cha Mbuyu (mleta uzi)

Dada Mwalimu, utaratibu wako wa chaki nimeupenda kuliko wa ufunguo wangu.

Kwenye chakula ninasema ya mwili wangu tu, kwa sababu tumbo la mtu mwingine lina sheria zake, na lako linaweza kukataa ninachokula mimi. Ugonjwa ukiwa umetulia ninakula karibu kila kitu, pamoja na ugali wa uwele na mlenda wa nyumbani. Ukiamka ninarudi kwenye wali mweupe, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu, samaki na uji mwepesi, na ninaacha maharage, kabichi, karanga, mahindi ya kuchoma, na kwa masikitiko makubwa zabibu, ambazo msimu wake ukifika hapa mjini zinauzwa kila kona. Ugali wa dona nabadilisha kwa sembe. Ninajua nyakati nyingine tunahimizwa dona kwa ajili ya makapi yake, lakini utumbo wenye vidonda hauhitaji kusuguliwa. Na kufunga kula siku nzima, kama nilivyosema, kuliniletea kizunguzungu tu.

Wa kwanza kugundua hali yangu pale kazini, kabla ya meneja na kabla ya dada wa mapokezi, alikuwa mama lishe wetu. Aliona sahani zinarudi na maharage yaleyale, akaniuliza siku moja wengine wakiwa wameondoka, «Mwanangu, hili tumbo lako ni la lini?» Tangu hapo kuna sufuria ndogo ya wali usio na mafuta mengi inayowekwa pembeni kwa ajili yangu, na hajawahi kumweleza mtu. Ndugu wa Nkuhungu atasema nina bahati, na hapo sitabishana naye.

Safari ya Singida kwa basi ni takriban kilomita 240, na mimi huikata vipande kichwani: Bahi, Kintinku, Manyoni, Ikungi. Ninakaa kiti cha mbele na ninamwambia kondakta kabla gari halijaondoka kwamba nina tatizo la tumbo na huenda nikamwomba asimamishe. Mara nyingi hunijibu kwamba basi likisimama porini watu watashuka wote kuchimba dawa, na kweli huwa hivyo, hakuna anayejua aliyeomba ni nani. Kwa Dar es Salaam nimeachana na basi tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, maana ina choo ndani na wasiwasi wenyewe unapungua.

Ndani ya begi la kompyuta kuna mfuko mweusi wenye nguo ya ndani, suruali nyeusi iliyokunjwa, karatasi za chooni, sabuni, na chupa tupu ya lita moja na nusu. Chupa ni kwa ajili ya siku ambazo maji hayatoki, kwani hapa Dodoma choo kizuri kisicho na maji kinakuaibisha kuliko shimo. Mfuko wa shati una sarafu za mia mbili kwa vyoo vya kulipia. Nikiwa nimeharisha sana nakunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu.

#8 Nesi wa Zamu

Vipimo vyako vya chumvi na sukari ni sahihi, na watu wasizidishe chumvi wakidhani inaongeza nguvu. Niongeze moja ambalo halijatajwa: mwenye kolaitisi iliyoshika sehemu kubwa ya utumbo, akitimiza takriban miaka minane tangu dalili zianze, aanze kumuuliza daktari kuhusu kamera ya mara kwa mara, kwa sababu hatari ya saratani ya utumbo mpana huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Kivuli, wewe umesema sita.

#9 Kivuli cha Mbuyu (mleta uzi)

Sita ya kujua jina lake, Nesi. Dalili zilianza mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo. Nitauliza kliniki ya mwezi ujao.

#10 Mtu wa Nkuhungu

Wakuu, nimepata kazi ya utunzaji stoo kwenye mradi wa ujenzi kule Mtumba, naanza Jumatatu, mkataba wa miezi sita. Nilipokwenda kusaini niliona choo cha watumishi kimefungwa kufuli na ufunguo anao mlinzi wa getini, mwendo wa kama dakika tatu kutoka stoo. Barua nimeiandika jana usiku kwa mwongozo wa Mzee: nusu ukurasa, bila historia ndefu, inaomba nakala ya ufunguo, na sitaipeleka kwa msimamizi wa stoo bali kwa ofisa tawala wa mradi, ambaye nimeambiwa ndiye anayetunza mafaili. Mzee, niipeleke siku ya kwanza au nisubiri wanizoee?

#11 Afisa Utumishi Mstaafu

Siku ya kwanza, mwanangu, pamoja na vyeti vyako vingine, ili iingie kwenye faili kama karatasi miongoni mwa karatasi. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri na kuandikwa tarehe.

#12 Mtu wa Nkuhungu

Ahsante, Mzee. Kivuli, yule fundi wako wa funguo anapatikana wapi?

#13 Kivuli cha Mbuyu (mleta uzi)

Soko la Majengo, anakaa chini ya mwavuli wa kijani pamoja na wanaotengeneza saa. Mwambie akuchongee mbili, moja uiache nyumbani.